Wanga Kabla ya Mimba, Wanga Ndani ya Mimba



Swali lililonileta mbele yenu siku hizi linaulizwa kliniki, saluni, na hata barazani baada ya darsa: je, mwanamke anayetafuta mtoto aache wanga? Na akishashika mimba, aendelee kuuacha? Tangu daktari wa moyo, Profesa Mohamed Janabi, aanze kuzungumza hadharani kuhusu ulaji wetu, Watanzania wengi wanautazama ugali kwa jicho jipya, na mimi nalifurahia hilo. Ila ushauri unaomfaa mwanamume wa miaka hamsini mwenye presha na kitambi hauwezi kukabidhiwa vilevile binti wa miaka ishirini na minane anayehesabu siku zake za hedhi. Nitakayosema leo yamejengwa juu ya jambo moja. Kupunguza wanga kunaweza kuwasaidia baadhi ya wanawake kushika mimba, lakini siku kunapofanikiwa hakuna anayeijua, na kuanzia siku hiyo mwili unadai mambo mengine.

Nianze na wale wanaosaidika.

Mwaka 1935, mjini Chicago, madaktari Irving Stein na Michael Leventhal walieleza habari za wanawake saba waliokuwa na matatizo ya hedhi, na ovari zao zilikuwa kubwa kuliko kawaida, zimejaa vifuko vidogo vidogo. Leo hali hiyo tunaiita PCOS, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawapata kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Dalili zake mnazijua: hedhi inayopotea miezi miwili mitatu, chunusi zisizoisha, ndevu kidevuni, unene unaoganda tumboni. Kisichojulikana sana ni kazi inayofanywa na insulini katika habari hii.

Ukila ugali, wali, mkate, mihogo au ukinywa soda, wanga na sukari yake huvunjwa kuwa glukosi na kuingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini ili glukosi hiyo ipokelewe na seli. Wanawake wengi wenye PCOS wana seli zilizo sugu kwa insulini, hivyo kongosho hulazimika kutoa nyingi kuliko kawaida. Misuli haiisikii vizuri, lakini ovari zinaisikia. Wingi huo wa insulini huzichochea ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi, na wakati huohuo hulifanya ini lipunguze ile protini ambayo kazi yake ni kuzikamata homoni hizo kwenye damu. Mayai huanza kukua, yakafika mahali yakakwama. Mwezi unapita bila yai kupevuka, na mama mkwe anaanza kuuliza.

Hapo ndipo hoja ya kupunguza wanga inapopata nguvu. Ukipunguza kinachoamsha insulini, insulini inashuka. Insulini ikishuka, ovari zinaweza kurudi kazini. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwapa wanawake 11 wenye PCOS na uzito mkubwa chakula chenye wanga usiozidi gramu 20 kwa siku. Waliofika mwisho wa wiki 24 walikuwa watano tu. Uzito wao ulipungua kwa wastani wa asilimia 12, insulini ya asubuhi kabla ya kula ikashuka kwa zaidi ya nusu, na wawili kati yao walishika mimba ingawa huko nyuma walikuwa wamehangaika bila kupata. Habari hii imezunguka dunia nzima, na naelewa kwa nini. Lakini naomba mkumbuke na wale sita walioachia njiani. Gramu 20 kwa siku hazifiki hata wanga wa ndizi mbivu moja, ambayo ina gramu 27 hivi. Hicho si chakula ambacho mwanamke wa Temeke au Kisumu, anayepika sufuria moja kwa nyumba nzima, ataweza kukishikilia kwa miezi sita.

Utafiti mkubwa zaidi ulitoka kwa wauguzi wa Marekani. Jorge Chavarro na Walter Willett wa Harvard waliwafuatilia zaidi ya wanawake 17,000 waliokuwa wakijaribu kupata mtoto, kwa muda wa miaka minane. Waliokula wanga mwingi, hasa ule unaopandisha sukari haraka, walipata zaidi tatizo la yai kutopevuka. Na jambo ambalo wapenzi wa nyama hawalisemi: waliopata sehemu ya protini yao kwenye mimea, kama maharage na jamii ya kunde, walikuwa na hali nzuri kuliko waliotegemea nyama peke yake. Maharage yana wanga. Kwa hiyo tatizo halikuwa wanga kwa jumla. Lilikuwa aina yake, na wingi wake kwa mkupuo mmoja.

Mwongozo wa kimataifa wa PCOS uliotolewa mwaka 2023 chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, unasema wazi kwamba hakuna mpango mmoja wa chakula uliothibitika kuwa bora kuliko mingine. Mwanamke mnene mwenye PCOS akipunguza hata asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wake, kwa njia yoyote ya afya anayoimudu, mara nyingi hedhi huanza kurudi kwenye mstari. Msichana mwembamba, mwenye hedhi kila baada ya siku 28, ambaye mirija yake imeziba kwa maambukizi ya zamani, hatafunguliwa mirija kwa kuacha ugali. Naye mume mwenye mbegu chache hatazaa kwa sababu mkewe ameacha chapati. Hili nalisema kwa uchungu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani hupatwa na tatizo la kutopata mtoto wakati fulani wa maisha yake, wanawake kwa wanaume. Kwetu anayetumwa kupunguza uzito, kunywa mizizi na kufunga kula ni mke, wakati mume hajawahi kupeleka hata kipimo kimoja maabara. Kabla mwanamke hajaanza kuhesabu gramu za wali, wote wawili wapimwe.

Sasa tuje kwenye zile wiki ambazo ndizo sababu ya mimi kukubali kuzungumza leo.

Ndani ya siku 28 tangu yai litungwe, mrija wa neva wa mtoto, ambao baadaye unakuwa ubongo na uti wa mgongo, unakuwa umeshajifunga. Siku 28! Wakati huo mama amechelewa hedhi kwa wiki mbili tu. Na mwenye PCOS, ambaye amezoea hedhi kupotea, hashtuki kabisa; anaweza kufika mwezi wa tatu bila kujua. Mrija huo usipojifunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au ubongo wake haukui kabisa. Wengi wa watoto wenye mgongo wazi hupata pia maji kichwani, kile tunachokiita kichwa kikubwa. Nendeni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, mkawaone akina mama waliotoka mikoani na watoto mgongoni wakisubiri upasuaji. Mtoto huyo anaweza kupona na kusoma na kuwa mtu wa maana, lakini njia yake ni ndefu na mama yake huachwa peke yake mara nyingi mno.

Kinga kubwa tuliyo nayo ni asidi ya foliki. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika katika nchi kadhaa, kwa wanawake waliowahi kupata mimba yenye tatizo hili. Waliopewa asidi ya foliki kabla ya mimba na katika wiki zake za mwanzo walipunguza hatari ya tatizo kujirudia kwa asilimia 72. Matokeo hayo ndiyo yaliyozisukuma nchi kuongeza asidi ya foliki kwenye unga. Marekani ilianza kwa lazima mwaka 1998. Tanzania ina kanuni za namna hiyo tangu 2011, Kenya tangu 2012, kwa unga wa ngano na wa mahindi unaosagwa viwandani.

Mnaona tunakoelekea. Virutubishi vya kumkinga mtoto tumevitia ndani ya chakula kilekile anachoambiwa mwanamke akiache. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, wakiongozwa na Tania Desrosiers, walichapisha uchunguzi wa akina mama wa Marekani waliojifungua watoto wenye kasoro na wasio na kasoro. Waliokula wanga kidogo sana katika mwaka uliotangulia mimba walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 30, wa kupata mtoto mwenye kasoro ya mrija wa neva. Asidi ya foliki waliyoipata kwenye chakula haikufika hata nusu ya ile ya wenzao. Uchunguzi wa aina hii hauthibitishi kwamba kuacha wanga ndiko kulikosababisha. Lakini njia yake inaeleweka, na mtu mwenye busara hangojei uthibitisho wa mwisho kwa gharama ya uti wa mgongo wa mtoto.

Kwetu kuna tatizo la ziada. Familia nyingi husaga mahindi kwenye mashine ya mtaani, na unga huo mara nyingi hauna kilichoongezwa. Mwanamke wa kijijini anaweza kula ugali mchana na usiku na bado asipate asidi ya foliki inayomtosha. Mchicha, kisamvu, kunde na maharage vina folati ya asili, ila mboga tukizichemsha mpaka zikageuka rangi na kumwaga maji yake, sehemu kubwa inapotea. Maini yana folati nyingi, lakini yana vitamini A nyingi pia, ambayo ikizidi mwanzoni mwa mimba inaweza kumdhuru mtoto. Maini ya kila siku si dawa.

Kwa hiyo nasema bila kuzungukazunguka: mwanamke anayetaka mtoto, awe anakula wanga au ameupunguza, aanze vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla hajaanza kujaribu, na aendelee mpaka wiki ya 12 ya mimba. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kifafa, amwone daktari kwanza kwa sababu huhitaji dozi kubwa zaidi. Tunawapa akina mama FEFO, vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, wanapokuja kliniki na mimba ya miezi minne au mitano. FEFO hiyo inaongeza damu, nayo ni muhimu sana, lakini kwa mrija wa neva imechelewa mno. Yeyote anayemwandikia mwanamke mpango wa kupunguza wanga ili ashike mimba, awe daktari, mtaalamu wa lishe au mwalimu wa mazoezi, kisha asimtajie asidi ya foliki, amemwachia hatari ambayo ilikuwa ndani ya uwezo wake kuizuia.

Tuseme sasa mimba imeingia. Aendelee?

Historia ina jibu moja ambalo linastahili kujulikana zaidi. Huko Motherwell, mji wa viwanda huko Scotland, wajawazito walishauriwa kwa miaka mingi katikati ya karne iliyopita wale karibu nusu kilo ya nyama nyekundu kila siku na kuepuka vyakula vya wanga kama mkate na viazi. Waliotoa ushauri huo walikuwa na nia njema; waliamini unazuia kifafa cha mimba. Watoto wakakua. Watafiti waliwatafuta watu 626 waliozaliwa huko mwaka 1967 na 1968, wakiwa wakati huo karibu na miaka thelathini, wakawapima presha. Kadiri mama alivyokula nyama na samaki wengi katika nusu ya pili ya mimba, ndivyo presha ya mwanawe ilivyokuwa juu. Utafiti wa baadaye ukakuta kwamba damu za wale ambao mama zao walikula nyama na samaki wengi zilikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha homoni ya kotisoli, ile inayopanda mtu anapokuwa katika msongo. Waliozaliwa na akina mama waliokula mboga za majani chache walikuwa nayo nyingi pia.

Siwezi kuapa kwamba kukosekana kwa wanga ndiko kulikoleta hayo. Huenda ni nyama iliyozidi, huenda ni mboga zilizopungua. Ila mwaka 1980 kulichapishwa majaribio mengine ya New York, mtaa wa Harlem, ambapo wajawazito maskini walipewa kinywaji chenye protini nyingi sana kwa matumaini ya watoto wenye afya zaidi. Kundi hilo lilipata watoto njiti wa mapema zaidi, na vifo zaidi vya watoto wachanga. Tangu hapo sijaona sababu ya kumshauri mjamzito ajaze sahani kwa nyama tupu.

Mtoto tumboni anaishi kwa glukosi. Ubongo wake unaojengwa unaitumia usiku na mchana, na inavuka kondo kutoka damu ya mama bila kungoja mama awe amekula. Ndiyo maana Taasisi ya Tiba ya Marekani, mwaka 2002, iliweka kiwango cha gramu 175 za wanga kwa siku kwa mjamzito, dhidi ya 130 kwa asiye na mimba. Wapo wataalamu wanaosema kiwango hicho kinaweza kushushwa kidogo kwa mwenye kisukari cha mimba, na mjadala huo unaendelea. Hakuna anayetetea gramu 20.

Katika miezi ya mwisho mwili wa mama huingia kwenye njaa haraka kuliko wa mwanamke asiye na mimba. Mwaka 1982 Boyd Metzger, Norbert Freinkel na wenzao wa Chicago walionyesha kwamba mjamzito akiruka kifungua kinywa baada ya kulala usiku mzima, glukosi yake inashuka na ketoni zake zinapanda kwa kasi ambayo asiye mjamzito haifikii. Ketoni nazo zinavuka kondo. Ikiwa zikizidi zinamdhuru mtoto kiasi gani, tafiti zimegongana. Kuna uliochapishwa mwaka 1991 uliokuta watoto wa akina mama wenye ketoni nyingi wakipata alama za chini za akili, na wengine wakaupinga. Ninachojua kwa hakika ni kwamba mjamzito anayetapika sana, au anayefunga kula siku nzima huku amekwisha kupunguza wanga, anaweza kufikia hatua ya damu kuwa na asidi na kulazwa. Kwa dada zangu Waislamu, rukhsa ya mjamzito katika Ramadhani ni rehema; itumieni bila kuona haya.

Kisukari cha mimba ndicho kinachofanya jambo hili kuwa gumu, na hapo wanga lazima utazamwe kwa makini. Kondo hutoa homoni zinazofanya insulini ya mama ipoteze nguvu, na mama ambaye kongosho lake halimudu kuongeza kazi, sukari yake hupanda. Jørgen Pedersen wa Copenhagen ndiye aliyeieleza habari hii katika miaka ya 1950: glukosi ya mama inapita kwenda kwa mtoto, insulini ya mama haipiti. Mtoto analazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe, ananenepa mabega na tumbo, uzazi unakuwa mgumu, na akishakatwa kitovu sukari yake inaporomoka kwa sababu insulini imebaki na glukosi ya mama imekatika. Kipimo hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, kwa kunywa glukosi gramu 75. Sukari ya kabla ya kunywa ikiwa milimoli 5.1 kwa lita au zaidi, ya saa moja baadaye 10.0, au ya saa mbili 8.5, hata moja tu kati ya hizo inatosha kuuita ugonjwa.

Je, mama huyo aache wanga? Mwaka 2013 watafiti wa Hispania waliwagawa wanawake 152 wenye kisukari cha mimba: kundi moja lilipata asilimia 40 ya nguvu zake kutoka kwenye wanga, jingine asilimia 55. Waliohitaji sindano za insulini walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Kinachosaidia ni kuugawa wanga katika siku, kuchagua ule unaoingia polepole, na kuuweka pamoja na protini na mboga. Gramu 100 za wali ulioiva zina wanga gramu 28 hivi. Glasi ya maziwa 12. Chupa ya soda ya mililita 300 inazidi 30, na inaingia kwenye damu ndani ya dakika chache bila kuleta kingine chochote. Ningemwambia mwanangu: soda na juisi ziondoke leo, chai inywewe bila sukari, mkate mweupe na maandazi yapungue. Ugali uwe wa dona na uwe mdogo kuliko mboga. Viazi vitamu na ndizi za kupika viliwe na maharage au samaki. Kula mlo wa jioni saa moja, kisha kulala hadi saa nne asubuhi tumbo tupu, hapana. Kikombe cha maziwa au karanga kidogo kabla ya kulala vinafaa. Na sukari ipimwe: kabla ya kula iwe chini ya 5.3, saa mbili baada ya kula chini ya 6.7. Zikishindikana, insulini ni dawa salama kwa mama na mtoto, na kuikubali si kushindwa. Mwenye kisukari ambaye tayari anachoma insulini asipunguze wanga kwa ghafla bila daktari, kwani anaweza kuzimia kwa sukari kushuka.

Kujifungua hakumalizi habari. Mwaka 2015 madaktari wa Sweden walieleza kisa cha mama anayenyonyesha, mwenye miaka 32, aliyelazwa damu yake ikiwa imejaa asidi kwa ketoni baada ya kuanza mlo wa wanga kidogo sana ili apunguze uzito. Maziwa yanachukua glukosi ya mama kila saa. Anayenyonyesha apunguze sukari na apunguze uzito polepole, ale ashibe, aache mlo mkali mpaka amwachishe mtoto. Na aliyepata kisukari cha mimba arudi kupimwa tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, halafu kila mwaka mmoja hadi mitatu, kwa sababu wengi wao hupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele. Kadi ya kliniki ya mtoto inajazwa mpaka ukurasa wa mwisho, ya mama hufungwa siku ya kutoka wodini. Wauguzi mliomo humu, andikeni tarehe ya kipimo hicho kwenye kadi ya mtoto, mahali ambapo mama ataiona kila anapokuja kwenye chanjo.